Jino la Kitinda Mimba

Baba alikuwa na desturi ya kukagua meno. Kila asubuhi, kabla ya chai, kitinda mimba wetu alisimama mlangoni, pale mwanga ulipoingia vizuri, akaachama. Baba alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, kisha akatoa hukumu ileile.

"Rudi. Hujapiga mswaki."

Mtoto alirudi bombani nyuma ya nyumba, akasugua tena hadi fizi zikatoka damu, akaja, akaachama. Meno yalikuwa yaleyale, ya kahawia, yenye mabaka na mistari kama ukuta uliovujiwa na paa.

"Wewe unanichezea," baba alisema. Siku nyingine fimbo ilifuata.

Hiyo ilikuwa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumba zilipokuwa chache na pundamilia walipita karibu na choo chetu bila kutuamkia. Tulikuwa tumehamia kutoka Kiambu miaka kumi hivi nyuma. Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, alinunua kipande cha ardhi kwa jirani Mmaasai, na kabla hata ya kujenga jikoni alichimbisha kisima kirefu. Mimi ni kifungua mimba, msichana. Tulipohama meno yangu yalikuwa yameshaota yote, isipokuwa magego ya mwisho. Ndugu yangu alizaliwa hapahapa, akapikiwa uji wake wa kwanza kwa maji ya kisima kile. Leo nalisema hilo kwa sentensi moja. Kulifikia kulinichukua miaka mingi na mashine yenye ukubwa wa kanisa.

Baba aliyapenda maji yale kupita kiasi. Yalikuwa maangavu, baridi, laini mdomoni, na mgeni hakuruhusiwa kuketi kabla ya kunywa gilasi moja na kuyasifu. Majirani wote walichota kwetu. Wenye duka, familia ya Kiislamu iliyotoka upande wa Garissa, walituma mikokoteni. Mama Mmaasai aliyepakana nasi alileta ndama wake jioni, na baba, ambaye hakujifunza neno lingine lolote la Kimaasai maisha yake yote, alimsalimu "Sopa!" kwa sauti ya mtu anayekaribisha watu harusini. Pale bombani ndipo alipokuwa mtu mkubwa. Kiwandani alikuwa mtu wa kuamrishwa tu.

Watoto wengi waliozaliwa pale walikuwa na meno kama ya ndugu yangu. Ungedhani jambo hilo lingemfikirisha mtu. Baba alisema ni kizazi cha wavivu. Mwalimu wao alisema ni miwa. Mimi, mwanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu, mtu wa kupigiwa makofi kanisani, nilisema ni dawa mbaya ya meno, nikawa namletea ndugu yangu nyingine ya bei kali kutoka Nairobi. Aliitumia yote, akisukutua kwa maji ya kisima.

Alikuwa mcheshi kuliko sisi sote. Aliweza kumwiga mchungaji wetu akikohoa katikati ya maombi hadi mama akaomba toba kwa kucheka. Lakini alipofika madarasa ya juu ya shule ya msingi alikuwa amejifunza kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Mkono ulipanda wenyewe. Hata alipokuwa peke yake na redio, nilikuwa nikimwona dirishani, anacheka na kiganja kiko mdomoni. Nilidhani ni adabu mpya aliyoipata shuleni.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilipata nafasi ya masomo ya juu kwenye maabara moja kusini mwa Afrika, yenye mashine ya kukimbiza protoni. Protoni ni chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha kila atomu. Mashine inazikimbiza ndani ya bomba lililonyonywa hewa yote, kisha inazigongesha kwenye kitu unachotaka kukijua. Kitu kikigongwa kinatoa miale, na kila aina ya atomu ina miale yake, haiazimi ya mwenzake. Kazi ya kuinasa ile miale ni ya kigunduzi, fuwele iliyofungiwa ndani ya kopo la chuma na kupozwa kwa naitrojeni baridi kupindukia. Nilimweleza baba haya kwenye simu, pole pole.

"Naitrojeni naijua," alisema. "Ni ile daktari wa ng'ombe anabebea mbegu ya dume kwa mtungi, ile inatoa moshi."

"Ni hiyo hiyo, baba."

"Kwa hivyo nyinyi mnagonga kitu, halafu mnakaa mnasikiliza."

"Ndio."

"Na hiyo ndio inaitwa kazi." Akacheka sana, akampa mama simu amweleze na yeye.

Kabla ya kuanza kipimo chochote, tulikijaribu kigunduzi kwa kitu tunachokijua, tuone kama kinasema kweli siku hiyo. Kwetu kilikuwa kidonge cha unga mweupe wenye florini nyingi. Protoni zikikigonga, kwenye kompyuta vinasimama vilele viwili vyembamba upande wa kushoto, kila mara mahali palepale. Ukiviona, unajua mambo ni shwari, unaendelea na kazi yako halisi. Nilivitazama vilele vile kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama uso wa mtu yeyote katika miaka ile. Niliijua florini kwa nishati ya miale yake hadi tarakimu za mwisho. Kwamba ikizidi kwenye maji inaingia ndani ya jino la mtoto kabla halijaota, ikaliharibu rangi, hilo halikuwa kwenye vitabu vyangu, wala mimi sikuuliza.

Nilirudi nyumbani kwa mapumziko nikamkuta ndugu yangu hana meno ya mbele ya juu.

Alikuwa amemaliza shule na kuitwa kwa mahojiano ya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja mjini Kajiado. Hakutaka kwenda na meno yale. Mtu akamwelekeza kwa fundi fulani nyuma ya soko, aliyeng'arisha meno kwa pamba na asidi ya betri. Yaling'aa kwa wiki chache. Halafu chai ya moto ikawa inamtoa machozi, usaha ukafuata, na hospitalini wakayang'oa. Kazi hakuipata. Mama alinisimulia haya jikoni akiwa amenipa mgongo, anakata sukuma wiki. Baba alipopita alinung'unika kwamba angekuwa na bidii tangu utotoni yasingemfika.

Ndugu yangu aliniita nyuma ya tangi. Alizungumza akiwa amefunika mdomo, kama kawaida yake, ingawa sasa alikuwa anafunika pengo. Akanipa karatasi laini iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na jino.

"Siz, si uko na hiyo mashine ya kuona vitu ziko ndani ya kitu?"

"Iko, lakini sio ya meno."

"Iangalie tu. Mimi nilikuwa napiga mswaki. Kila siku. Nataka kitu imwambie mzee, juu mimi nikisema haskii."

Hakuwa analia. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, lakini nilimwambia tu nitajaribu, nikaliweka jino kwenye pochi pamoja na pasipoti.

Saa za mashine zilikuwa haba na kila mtu alizigombania, kwa hiyo jino la kijana wa Kitengela halikuwa na mahali pake. Mwalimu wangu, mzee mkimya, alisikiliza habari yote, akanipa masaa ya mwisho ya zamu yetu, pale ambapo wengine hufungasha vitu. Nililikata jino, nikaling'arisha hadi likawa bapa, nikalipaka kaboni nyembamba ili lisijae umeme. Kwenye kishikio kilekile niliweka kipande cha gego langu moja lililoota Kiambu, lililokuwa limeng'olewa mwaka ule. Watoto wawili wa mama mmoja, mmoja alikulia Kiambu na mwingine Kitengela. Tukafunga mlango mzito, tukaenda kuketi upande wa pili wa ukuta wa saruji, nikafungua mwale.

Vilele viwili vikasimama upande wa kushoto.

Fundi wa zamu, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai, aliangalia kompyuta yangu akatikisa kichwa. "Umesahau kutoa kidonge," aliniambia.

Niliona aibu, maana hilo ni kosa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikafungua picha ya kamera iliyo ndani ili nione. Kidonge kilikuwa kwenye sahani yake, mbali. Kilichokuwa mbele ya protoni ni jino la ndugu yangu.

Nikasogeza kishikio hadi kwenye gego langu. Mahali palepale kukawa na vichuguu viwili vidogo, vya kutafuta kwa macho makali. Nikarudi kwenye lake, vilele vikapanda tena. Nilirudia hivyo hadi masaa yangu yakaisha. Fundi aliniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna, matokeo ni mazuri. Kisha nikaenda chooni nikalia kama mtoto. Nilimkumbuka ndugu yangu akisugua bombani, fizi zikitoka damu, akiyarudishia meno yake kilekile alichokuwa anajaribu kukitoa.

Safari iliyofuata nilifika Kitengela na chati mbili. Ndugu yangu alikuwa Kajiado siku hiyo, alikokuwa amepata kibarua cha duka. Niliziweka mezani mbele ya baba, nikamweleza. Alivaa miwani. Aliuliza ipi ni yangu na ipi ni ya kijana. Aliuliza kama mashine inaweza kukosea, nikamwambia niliirudia mara nyingi. Gilasi yangu ya maji ilikuwa pale mezani, nami kwa mazoea nilikuwa nimeshainywa nusu.

"Hii maji yangu," alisema.

"Ni mawe ya huko chini, baba. Si wewe."

"Mtu angejua aje? Bila mashine kama hiyo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mimi nimefundishwa kujibu swali nililoulizwa. Nikamwambia kwamba mashine haikuhitajika. Nilikuwa nimeulizia: chupa moja ya maji, maabara ya kawaida kabisa, jibu linapatikana upesi. Kuna watu wa mambo ya maji waliolijua jambo hili la nchi yetu tangu zamani. Hakuna aliyepeleka chupa, basi. Mimi mwenyewe, na vyeti vyangu vyote, sikupeleka.

Baba alivua miwani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimwona akizeeka palepale mezani, na hadi leo najuta kwamba sikumwachia lile jibu la mashine. Angejiambia kwamba ilihitajika protoni na nchi ya mbali, na labda angelala usingizi.

Hakukifunga kisima, kwa sababu ng'ombe wanakunywa na nguo zinafuliwa. Lakini alizunguka kwa majirani mmoja mmoja kuwaambia wasiwape watoto maji yale, kuanzia kwa wenye duka hadi kwa mama Mmaasai. Sijui kama nimewahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kuliko ile. Aliweka mifereji kwenye paa lote na matangi ya mvua. Watu wakapungua bombani, na jioni alikaa na redio.

Ndugu yangu alipokuja mwisho wa juma, baba alimngoja mlangoni, palepale mahali pa ukaguzi. Sote tulikuwa ndani, tunajifanya tunapanga vikombe.

"Ulikuwa unapiga mswaki," baba alisema.

"Nilikuwa napiga, baba."

"Hm." Baba akaangalia upande wa zizi. "Ingia, chai itapoa."

Neno lingine halikusemwa, siku ile wala baadaye. Kwa mtu wa umri wake lilikuwa kubwa. Kwa kijana aliyelingoja tangu utotoni, sijui kama lilitosha, na sijathubutu kumuuliza.

Baadaye ndugu yangu aliwekewa meno ya bandia, meupe, mazuri kweli. Alioa, akapata binti. Mtoto yule hakuonja tone la kisima. Uji wake ulipikwa kwa maji ya mvua, na mvua ikikawia baba alikwenda mwenyewe kutafuta maji salama, akiyabeba mgongoni mwa punda kama mahari. Meno ya mtoto yalipoanza kuota, kila asubuhi baba alimbeba hadi mlangoni, kwenye mwanga, akamwambia, "Hebu fungua tuone." Yalikuwa meupe pe. Baba alimrudisha kwa mama yake, akaenda zake zizini akipiga mluzi.

Mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili nilikuwa nyumbani kwa Krismasi. Mtoto alikuwa ameshaanza kuongea. Baada ya chakula ndugu yangu alisimama akamwiga mchungaji, kikohozi kilekile, na sote tukavunjika mbavu. Alipomaliza alicheka na yeye. Mkono wake ulipanda ukafunika mdomo, juu ya meno yale meupe ya bandia.

Binti yake alikuwa amekaa mapajani mwa baba yetu. Alimtazama baba yake, akacheka kwa furaha yote aliyokuwa nayo, na kiganja chake kidogo kikapanda kikafunika mdomo.

Baba aliuona. Aliushika ule mkono taratibu, akaushusha. Mtoto akamtazama babu yake usoni, akadhani ni mchezo, akacheka tena, na mkono ukarudi palepale.