Ukuta Alioegemea Mama

Mafundi wenzake walimwita Rula kwa sababu hakuwahi kukadiria kwa macho. Mlango ambao wenzake waliupima kwa shubiri, yeye aliupima mara tatu, kisha akakuuliza kama una uhakika ni mlango. Walimcheka sana, lakini paa likivuja walimtafuta yeye huyo huyo.

Asubuhi moja, siku ya tatu ya mvua, alikuwa kwa mwalimu mmoja akitafuta maji yanapoingilia. Ukuta ulikuwa mzuri, lipu imenyooka, rangi haijabanduka. Akaugonga kwa nyundo, kidogo tu, nyundo ikazama. Nyuma ya lipu matofali ya udongo yalikuwa tope. Akapanda ngazi akaona sababu: ule ukanda wa bati unaoziba pale paa linapokutana na ukuta haukuchimbiwa ndani ya ukuta. Ulibandikwa juu ya lipu kwa saruji, saruji ikaachia, ukabaki uwazi mwembamba kama ukucha. Maji hayakuhitaji zaidi ya hapo.

Mwalimu akauliza ni fundi gani asiye na haya aliyemfanyia hivyo. Rula akafungua mdomo ajibu, ndipo akakumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya vile vile, mara moja tu maishani, kwenye chumba cha mama yake.

Wala haukuwa uvivu, jamani. Miaka miwili nyuma alimwongezea mama chumba ubavuni mwa nyumba ya zamani, yenye kuta za udongo. Siku ya kuchimbia bati, mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, nyonga imevunjika, hajalala siku nne. Mara Rula akamwona amesinzia. Mashine ya kukatia ukuta ina kelele za kuamsha maiti, basi Rula akaizima. Akabandika bati kwa saruji, polepole, akajiambia atarudi mama akipona. Mama hakupona sawasawa, naye hakurudi. Wateja aliwahubiria habari za kuziba ufa, lakini ukuta wa mama haukuwa hata na ufa. Akaupaka rangi. Mficha maradhi! Na kitanda cha mama kiliegemea papo hapo.

Akampigia mama simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata tena. Rula, mtu asiyeacha hata msumari kwa mteja, akaacha vifaa vyote akatimua mbio kwenye mvua kwa hofu. Njiani aliuombea ule ukuta kwa sauti, usimame dakika kumi tu, tano tu, na waliompisha walidhani amerukwa na akili.

Alimkuta mama ameketi kitandani, mgongo ukutani, anachambua mchele. Simu ilikuwa mezani, mbali naye. Rula hakusalimu. Alimbeba na sinia lake, mchele ukamwagika, akatoka naye hadi kibarazani kwa jirani.

Hata hajamtua vizuri, ukuta ukashuka. Haukupiga kishindo kikubwa. Ulikaa chini tu, juu ya kitanda, na paa likaufuata.

Rula akapiga magoti matopeni, akasema yote: bati, saruji, mashine aliyoizima ili asimwamshe. Akangoja alaaniwe. Mama akamfuta tope usoni kwa ncha ya khanga.

"Sikuwa nimelala, mwanangu," akasema. "Nilikuwa macho. Nilikusikia ukiizima ile mashine, nikamshukuru Mungu kwa mtoto aliyenipa."

Hapo ndipo Rula alipolia, na ile hofu haijamtoka hadi leo. Siku hizi mteja akimwomba apunguze kelele, ndani kuna mgonjwa, Rula habishani naye. Anaingia ndani, anambeba mgonjwa hadi kwa jirani, kisha anarudi kuwasha mashine.