Ndege wa Kitenge katika Wimbo wa Tatu

Kijana wa redio alinipigia simu nikiwa na pini tano mdomoni. Kwa Kiingereza cha adabu akasema anatafuta rekodi za mwanzo kabisa za binti yangu, zile za kabla hajawa mtu wa kubandikwa kwenye mabango, na ameambiwa zimo kwenye simu yangu ya zamani. Nikatema pini. Nikamwambia zimo, nyimbo tatu, lakini ajue mapema kwamba atakayezisikiliza atanisikiliza na mimi, na mimi humo ndani si mtu wa kusikilizwa na watu wenye heshima zao.

"Usijali, Mama," akasema. "Siku hizi tuna mashine za kusafisha. Sauti yako nitaiondoa yote."

Alhamdulillahi! Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu aniambie neno hilo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimetoka Tanga, nikaja kuzeekea La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, kwenye vyumba viwili, cha mbele cha kushonea na cha nyuma cha kulala. Binti yangu kazaliwa hapa hapa. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Nikimgombeza sana ananijibu Kizulu, ili nisijue kama ananitusi au ananiomba radhi. Kuelewa anaelewa kila neno, hata yale ambayo si ya kusikiwa na mtoto. Kulitoa mdomoni mwake ndiyo hapana. Nilishazoea, au tuseme nilishajidanganya kwamba nimezoea.

Piano kajifunzia kwa Wakongo. Kanisa lao liko mtaa wa pili, na kwa kuwa sare za kwaya yao nilikuwa nashona mimi, nilikuwa nikimtuma apeleke nguo, harudi. Kumbe amekaa kwenye kinanda. Sasa babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa maalimu wa madrasa, na shangazi zake wa Tanga wako hai na simu wanazo. Walipouliza mtoto anasoma nini nikawaambia kompyuta. Si uongo sana, vyote vina vibonyezo.

Alipenda soul na jazi, muziki wa taratibu wa mtu anayeimba akiwa amekaa na shida yake meza moja. Alipomaliza shule akataka kwenda chuo cha muziki kule mjini. Chuo wakasema watumiwe nyimbo tatu, aimbe mwenyewe, apige mwenyewe, hakuna kukata wala kuunga, na mwisho ni Ijumaa jioni. Akikosa, nilishampatia nafasi ya kusuka kwenye saluni ya Rosettenville. Kusuka hakuna ubaya, kumewalea wengi. Lakini nilipomwambia habari ya saluni niliona alivyoitazama mikono yake, nikajuta kusema.

Kwaya wakamwazima kinanda kwa siku tano kwa sharti moja. Jumamosi kinaporudishwa, nyimbo zote tatu zipigwe kwenye spika za kanisa, kwaya nzima isikie kinanda chao kimefanya kazi gani. Sharti hilo alilitoa mkuu wa kwaya mwenyewe, mama mmoja wa Bukavu ambaye wote tulimwita Mama Rais. Mama Rais alikuwa na mwili wa kutosha, sauti ya kutosha, na vitambaa vya kutosha. Akisema fundi fulani anajua, Wakongo wote wa kusini wanakuja kwako. Akisema hajui, unaweza kuuza cherehani.

Rekodi tukafanyia chumbani kwangu kwa sababu ya vitambaa. Kanisani sauti ilikuwa inarudi mara mbili mbili, lakini kwangu vitenge vimening'inia kila ukuta, nguo zimemeza mwangwi wote. Tukatumia simu yangu, kwa kuwa simu yake ilianguka ikafa kipaza sauti. Kinanda kikawekwa juu ya meza yangu ya kukatia, ndiyo pekee iliyokuwa na urefu. Mimi nikahamia kitandani na mkasi wangu. Yaani fundi mzima, nakatia nguo za watu kitandani!

Wimbo wa kwanza una cherehani yangu ndani yake. Ni ya miguu, haitegemei umeme, na mimi nilikuwa na sketi nne za kumaliza. Akaniambia, "Eish, Mama, please." Nikamwambia cherehani hii ndiyo iliyokulea, na yenyewe ina haki ya kuimba. Akanitazama, kisha akaanza upya kwa mwendo wa mguu wangu. Wimbo ukatoka vizuri mno, na sketi pia.

Kwa wimbo wa pili tukafunga mlango, na hilo likawa kosa kubwa zaidi. Mtaani kwetu mlango wa fundi haufungwi mchana. Fundi akifunga mchana, ama kafiwa ama kakamatwa. Mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo, akaona, akamwambia jirani, jirani akamwambia jirani yake. Ubeti wa pili haujaisha, wanawake sita wamejaa mlangoni, wamejifunga khanga kichwani, mmoja na sufuria ya chai. "Poleni jamani! Ni nani?" Mmoja, Mrundi wa chumba cha nyuma, hakungoja jibu, akaangua kilio pale pale. Binti yangu hakusimama. Alifumba macho akaimba mpaka mwisho, na Mrundi akalia mpaka mwisho. Baadaye chuo waliandika kwamba wamewapenda waitikiaji.

Tukafika Alhamisi, wimbo wa tatu, wake mwenyewe alioutunga. Ulikuwa wa pole pole, unamhusu mtu aliyesimama kwenye robot, ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani. Taa zinabadilika na yeye havuki. Saa kumi ilikuwa zamu yetu ya kukatwa umeme. Saa tisa na nusu alishaurudia mara tano, kila mara unazidi kuharibika, na uso wake umekuwa mdogo. "Mara ya mwisho," akasema. Nikaapa wallahi sitatoa hata pumzi. Nikakaa chini kwenye mkeka na gauni la Mama Rais, niunge mgongo kwa mkono, kimya.

Kitenge chenyewe kilikuwa cha ndege, ndege wakubwa wa buluu, wamesimama kwa fahari. Kitambaa cha namna hiyo kina kichwa na miguu, na fundi yeyote anajua kabla hujatia mkasi unakitandaza mezani chote uone kichwa kiko wapi. Lakini mimi meza sikuwa nayo. Nilikatia kitandani, kipande kipande, nikakizungusha kitambaa kwa sababu ya ukuta. Sasa nageuza mgongo wa gauni naona nini? Ndege wote, kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo, vichwa chini miguu juu!

Kiapo kikanitoka. Na kila nilichosema kimo kwenye rekodi mpaka leo. Nilisema: "Mama yangu we! Ndege wa watu nimewapindua! Nimekwisha mimi, nimekwisha! Yule mwanamke atanitangaza mpaka Turffontein! Na kitambaa chenyewe kimekwisha, hakuna hata cha kutolea mfuko! Sasa nitamwambia ndiyo mtindo mpya, ndivyo wanavyovaa Dar. Akae kiti cha nyuma aegemee ukuta, nani atauona mgongo wake? Ingawa mgongo wenyewe ule, mlango wa gereji!"

Ulimi uliponza kichwa. Nilipoinua macho binti yangu bado anapiga. Alikuwa amefika pale pa kunyamaza sauti, vidole vinazunguka mahali pamoja, vinaningoja nimalize. Nilipomaliza akaimba ubeti wa mwisho. Akashusha mkono wa mwisho, umeme ukakatika.

Tulisikiliza pamoja, yeye ameketi kwenye kiti cha wateja, mimi nasikia aibu yangu tu. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba huu ndio, huu anautuma.

"Hautumi," nikasema.

Akasema chuoni hakuna anayejua Kiswahili. Nikamwambia na kanisani Jumamosi je? Kwaya nzima ni Wakongo wanaojua Kiswahili! Mama Rais atakaa mbele, anisikie namwita gereji? Urudie kesho. Akasema sawa, kesho. Lakini hiyo kesho haikupatikana, mafundi wa umeme wakapita jioni ile ile kututangazia kwamba kebo ya mtaa imeibwa na umeme hautarudi kabla ya Jumapili. Kinanda bila umeme ni ubao tu.

Mtoto wangu hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliniwekea simu mkononi, akasema kwa Kiingereza, "Futa mwenyewe, Mama," akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Jua lilikuwa bado dirishani. Kidole nilikiweka tayari, lakini nikasema kwanza nisikilize mara moja tu, nijue nimetukana kiasi gani. Nikaweka simu sikioni. Na nawaambia ukweli wa Mungu, ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza binti yangu anavyoimba. Siku nne alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na mimi nasikia kitambaa tu. Kisha nikaingia mimi na kelele zangu, mama yangu we, ndege wa watu, nimekwisha. Na chini ya kelele zangu, kabla ya gereji, kuna mtu anazungumza pole pole. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Alikuwa yeye, hakuacha kupiga, anajaribu kunituliza mimi mama yake:

"Wanatua, Mama."

Ndege hawajapinduka, wanatua tu. Kasema kwa Kiswahili, hakuombwa na mtu, na mimi sikumsikia kwa sababu nilikuwa napiga kelele.

Nikatoka nje kwenye ngazi. Nikamwambia, "Tuma."

Ijumaa asubuhi nikafunga gauni kwenye mfuko nikaenda kwa Mama Rais. Mficha uchi hazai, nikajiambia njia nzima, na njia nzima miguu inataka kurudi. Alilivaa mbele ya kioo, akageuka, akatazama kwa juu ya bega lake. Nikamwambia kosa ni langu, nilikatia kitandani kwa sababu meza imekaliwa na kinanda, na kwamba nilipanga kumdanganya. Nikamwambia na alivyosema binti yangu.

"Wanatua?" akasema. "Mutoto wako njo alisema vile? Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Akarudi kutazama mgongo. "Wangu wananijibiaka Kizulu," akasema, "mpaka wakati wa kusali." Akapitisha mkono kiunoni akailaza nguo vizuri. "Uache vile vile. Nitaivaa kesho."

Habari ya gereji sikumwambia. Nilidhani toba inaweza kukatwa kama kitambaa, unatoa panapotosha. Jumamosi nikakaa karibu na mlango wa kanisa, viatu nimevilegeza tayari. Mama Rais alikaa mbele kabisa na ndege wake. Wimbo wa kwanza wakapiga makofi. Wa pili, Mrundi alipoanza kulia, watu wakatazamana wakauliza nani amekufa. Ukaja wa tatu. Sauti yangu kwenye zile spika, yarabi, ilijaa jengo zima. Ndege wa watu, wakacheka. Mtindo wa Dar, wakacheka zaidi. Mlango wa gereji, hakuna aliyecheka. Watu thelathini wakageuza macho kwenye mgongo mmoja.

Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha, kwa maana mtu akiimba vile huwezi kumkatiza hata kama umetukanwa. Kisha Mama Rais akasimama, akageuka.

"Gereji ya magari ngapi, mama?"

"Moja tu, dada yangu," nikasema.

"Weye ni muongo!" akasema. Akatugeuzia mgongo, akainua mikono yote miwili pole pole kama mlango unaofunguka. Kanisa likavunjika kwa kicheko. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui nianze na lipi.

Chuo wakampokea. Mama Rais aliniletea wateja mpaka nikawachoka, na nusu yao walitaka ndege wanaotua. Binti yangu ndiye huyo mnayemwona kwenye mabango. Kiingereza ananipigia kila Jumapili, na Kizulu akiniudhi. Kiswahili hakurudia tena, na mimi sikumwambia kwamba nilimsikia. Niliogopa kumtia haya.

Basi juzi kijana wa redio akanipigia tena, furaha tupu. "Mama, nimekutoa! Umetoka wote, wimbo wa tatu ni safi kabisa." Nikamwambia Mungu akubariki, mwanangu, umeniokoa na aibu. "Ila kuna kitu kidogo," akasema. "Pale ulipokuwa, chini yako kulikuwa na sauti ya msichana, maneno mawili, sijui lugha gani. Yamelaliana na yako. Nilipokutoa wewe nayo yakatoka. Nadhani si kitu, au siyo?"

Safari hii mdomoni sikuwa na pini ya kutema.

"Nirudishe," nikasema.

"Hata kelele zote zile, Mama?"

"Zote," nikamwambia. "Usipunguze hata moja. Mwanangu yuko chini yake."