Feliciana Alivyokwenda Kumzika Sila

Nyuma ya Makambako, huko kwenye viazi na mipaini, kuna kijiji ambacho mtu akikosa misiba ya wenzake anatengwa. Na kutengwa kwenyewe si mchezo. Husalimiwi, hupewi moto, na ukifiwa unazika mwenyewe. Jumapili mnakaa benchi moja kanisani mnaimba upendo, lakini mkitoka nje hakuna anayekujua. Jamani, watu tuna roho!

Oktavia alikosa misiba kwa sababu alikuwa hospitali ya Ikonda akimuuguza mumewe, Sila. Aliporudi naye, akajieleza mbele ya kamati ya mazishi. Mzee Efraimu, mwenyekiti, akamjibu, "Kila mtu ana mgonjwa, mama." Basi, wakamtenga. Sila akafa katikati ya masika, na kijiji kizima kikajifanya hakisikii kilio.

Jirani yake, Feliciana, alisikia. Huyu si mtu wa maneno; ni mama wa kulima viazi vyake na kunyamaza. Mumewe, Lenard, akamshika mkono mlangoni.

"Ukienda, mke wangu, watatutenga sote. Pendo wetu anaolewa mwaka huu. Nani atakuja?"

"Sijui, baba Pendo," alisema Feliciana, akachukua jembe.

Kuchimba kaburi ni kazi ya wanaume, lakini siku ile walichimba wanawake wawili, mvua ikiwanyeshea. Hawakufika kina kinachotakiwa. Wakamzika Sila hivyo hivyo, wakalia wenyewe.

Feliciana naye akatengwa, pamoja na nyumba yake. Kwenye harusi ya Pendo walikuja ndugu wa bwana harusi tu, wakaulizana mama huyu ana laana gani. Binti akaondoka bila kumuaga mama yake. Hilo lilimkata maini kweli kweli.

Oktavia naye alikuwa na watoto wadogo. Alichoka, akaenda kuiangukia kamati. Wakamsamehe kwa sharti moja: asimsalimie Feliciana.

Ndiyo dunia yetu hiyo. Asubuhi moja Feliciana anatoka shamba, anamwona Oktavia anakuja na wanawake wenzake, kuni kichwani, wanakwenda msibani. Njia yenyewe nyembamba. Oktavia ameshamwona, anapunguza mwendo, mdomo unafunguka. Wenzake wanamkodolea macho.

Lo, Feliciana aliitamani ile salamu, "kamwene" moja tu, hata ya kunong'ona! Na angeipata, maana ilikuwa inamtoka mwenzake. Lakini Feliciana akageuka haraka, akaingia kwenye mahindi ya watu, akainama kama anayetafuta kitu, mpaka wote wakapita.