Somo la Volkano na Barua ya Uhamisho

Mimi sijawahi kuona mlima. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana mjuzi. Unguja ina vilima ambavyo mtu wa bara angevipita bila kujua kama kavipita, na kule Jambiani, nilikopelekwa kusomesha Kiingereza, hata vilima hivyo havipo. Kuna mawe ya matumbawe, minazi, mchanga, na bahari inayokupwa mpaka ukadhani imehama. Huko ndiko mtaala ulikoniletea volkano.

Zilikuwa kurasa mbili za kitabu cha darasa la sita, maelezo matupu, hamna hadithi wala mtu ndani yake. Ardhi ina matabaka. Chini kuna mawe yaliyoyayuka. Yanapanda, yanapasua, yanamwagika, yanapoa. Kila sentensi ya Kiingereza ilikuwa na maneno mawili matatu ambayo watoto hawajapata kuyasikia, na moja nililitafuta mwenyewe kwenye simu nimejifungia chooni, walimu wenzangu wasinione.

Lakini volkano haikuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa Kikwajuni, mjini, nyumbani kwa mama. Mama alipatwa na kiharusi mwaka wangu wa kwanza Jambiani, kikamchukua upande wa kulia na nusu ya ulimi. Ndugu yangu wa pekee yuko Maskati, na kutoka huko hutuma salamu nyingi. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye imani, ndiye aliyekuwa akimlisha mama, akimkosha, na kumpeleka hospitali mara mbili kwa wiki kufanyishwa mazoezi. Mimi nilikuwa nikifika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Nilijaribu kumleta Jambiani. Mazoezi hakuna, na chumba nilichopanga choo chake kiko nje na kina ngazi tatu ambazo hakuweza kuzipanda. Alikaa siku tisa, nikamrudisha.

Kisha jirani akaniambia, macho yake yakitazama sakafu, kwamba baada ya sikukuu anahamia Pemba kwa binti yake anayekaribia kujifungua.

"Nisamehe mwanangu. Na mie nna wangu."

Uhamisho nilikuwa nshauomba mara tatu. Safari ya nne nilikwenda mwenyewe ofisi ya elimu, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi adhuhuri. Afisa alikuwa mtu mpole, na mimi watu wapole wa ofisini huwaogopa kuliko wakali. Akaniambia kwamba faili langu halina karatasi hata moja inayosema mimi ni mwalimu wa aina gani.

"Mwezi ujao mkaguzi anakuja huko kwenu. Akikuandikia vizuri, barua yako ntaipeleka juu kwa mkono wangu."

Basi maisha ya mama yangu yakaning'inia kwenye kipindi kimoja cha dakika arubaini.

Mwalimu mkuu ndiye aliyechagua volkano, kwa sababu ukurasa wake una picha nzuri. Akatoa na amri: kipindi cha Kiingereza ni Kiingereza, neno la Kiswahili lisisikike hata mtoto akipiga chafya. Nilitaka kumuuliza Alhamdulillahi ni lugha gani, nikanyamaza. Mwenye shida hana ulimi.

Nilianza kama alivyotaka. Nilisoma, nikaonyesha picha, nikachora, nikafanya mikono yangu kama kitu kinachopasuka. Watoto walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima anayejitia wazimu. Siku ya tatu nikafunga mlango na madirisha ya upande wa ofisi, joto likatupika, nikaanza upya kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama tunapanga wizi.

Ndipo tatizo likajulikana. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, mama yake analima mwani, mwenyewe huja shuleni na chumvi imemkaukia miguuni. Huyu alinyoosha kidole.

"Mwalimu, jiwe haliyayuki."

"Linayayuka. Likipata moto mkali."

"Babu yangu anachoma chokaa. Anapanga magogo, anapanga mawe juu, moto unawaka siku na siku. Jiwe linakuwa chokaa. Haliwi maji."

Darasa zima likaitikia kwamba ni kweli, haliwi maji. Nusu yao walikuwa wamekulia karibu na tanuu la chokaa, na mimi nilikuwa na picha tu.

"Weye umeliona hilo jiwe la maji, Mwalimu?"

"Sijaliona."

"Bas nani kakwambia?"

Swali hilo lilinichoma, maana wale ni watoto wa chuoni, wa Kurani. Wamefundishwa tangu wadogo kwamba habari ina mtu aliyeisikia kwa mtu, naye kaisikia kwa mtu, hadi ufike kwa aliyeona kwa macho yake. Kitabu kilikuwa na picha, lakini hakikuwa na shahidi. Nikakumbuka kwamba mimi ninaye. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, na huko Ngazija, visiwani Komoro, mlima wa moto upo. Nikawaambia. Wakataka kusikia kwa aliyesikia kwake. Sijui nini kilinipata. Nikatoa simu, nikampigia mama, nikaweka sauti ya juu.

Ulimi wa mama ulikuwa mzito, lakini siku ile aliuburura mpaka mwisho. Aliwaambia mama yake alikuwa mtoto kama wao. Mbuzi walianza kulia kabla ya watu kujua lolote. Ardhi ikatetemeka, kisha ikanyesha jivu, nguo zilizoanikwa zikawa za kijivu na maji ya kunywa yakawa machungu. Na baadaye wakubwa walikwenda kutazama, wakakuta mawe meusi yamelala bondeni yamepoa, na ukiyatazama unaona kabisa kwamba yalikuwa yakitiririka. "Si mawe kama yenu," alisema. "Yenu ni ya baharini. Yale ni mengine."

Watoto arubaini na wawili walisogea karibu na simu. Kisha wote kwa pamoja wakamwambia mama shikamoo, naye akawaitikia marahaba, na nikasikia sauti yake imefurahi. Tangu augue hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza neno lolote isipokuwa kama keshakula.

Baada ya siku ile volkano iliingia. Yule mtoto wa mwani mwenyewe ndiye aliyewafahamisha wenzake kwa nini mlima unapasuka: chukua sufuria ya kunde, ifunike, uweke na jiwe juu ya mfuniko, uone. Kiingereza kikaanza kupata mahali pa kukaa, kwa sababu sasa kila neno lilikuwa na kitu nyuma yake.

Lakini wakafanya na jambo jengine, bila mimi kuwatuma. Wakaihifadhi. Kurasa mbili zote, neno kwa neno, kwa mahadhi, huku wakiyumba mbele na nyuma kama wanavyoyumba chuoni. Waliofahamu na wasiofahamu, wote waliisoma sawasawa bila ya kitabu, na kwa masikio tu usingemjua nani ni nani.

Hapo ningetulia. Sikutulia. Sikukuu ilikuwa inakaribia, jirani alikuwa keshaanza kufunga vyombo, na mimi nilitaka uhakika. Mwenzangu mmoja wa chuo cha ualimu aliwahi kunifundisha hila: mgeni akija, ukiuliza swali, darasa zima linyooshe mikono, lakini anayejua anyooshe wa kulia na asiyejua wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono, wewe unachagua wa kulia. Nikawafundisha. Tulifanya mazoezi wiki nzima na hawakukosea hata mara moja, wakicheka sana kwa hila yetu.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, kofia ya kiua, miwani imefungwa na uzi. Akakaa nyuma, mwalimu mkuu ubavuni kwake. Nikauliza swali la kwanza kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi.

Mikono yote ikapanda, na yote ilikuwa ya kulia.

Nilisubiri. Nikawakodolea macho. Hakuna hata mmoja aliyeshusha. Ndipo nikafahamu, na nilitaka ardhi inimeze, kwamba mbele ya mwalimu wao mkono wa kushoto ulikuwa mchezo, lakini mbele ya mzee mgeni ulikuwa ukosefu wa adabu, na adabu hiyo waliifunzwa kabla ya kufunzwa kutembea. Na mimi nilikuwa nayajua haya. Mama yangu mwenyewe, aliyebakiwa na mkono wa kushoto tu, kila akipokea kikombe huomba radhi. Nilikuwa nayaona kila Ijumaa, na bado nikategemea kwamba watoto wa watu watamnyooshea mgeni kushoto. Nimeruka jivu, nikakanyaga moto.

Nikachagua mmoja kwa kubahatisha. Alikuwa msichana mkubwa wa darasa, mpole, ambaye nilijua hajui hata swali limeuliza nini. Akasimama, akafumba macho, akaanza kuyumba. Akasoma kurasa mbili zote, tangu kichwa cha habari hadi maelezo ya chini ya picha, na mwisho akasema nambari ya ukurasa.

Mwalimu mkuu alikuwa akitabasamu. Mkaguzi hakutabasamu. Akaweka kalamu chini, akamuuliza kwa Kiingereza: sasa nieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Msichana akafumbua macho, akanitazama mimi. Nilisikia mashine ya kusagia nafaka iliyo jirani na shule. Niliona barua yangu ikichanika. Nilimwona mama kitandani, na mlango wa pili umefungwa.

Mtoto wa mwani akanyoosha mkono. Aliomba ruhusa kwa Kiingereza, vizuri kabisa, aeleze kwa Kiswahili. Mwalimu mkuu akamtolea macho, mkaguzi akasema, "Eleza, mwanangu."

Akaeleza. Alianza na tanuu la babu yake na kwa nini mawe ya Jambiani huwa chokaa, akaenda kwenye mawe mengine ya chini sana, akaenda kwenye sufuria ya kunde, akaenda kwenye jivu lililoanguka juu ya nguo. Akasema kwamba habari ya jivu kaisikia kwa mama yake mwalimu, ambaye kaisikia kwa mama yake, aliyeona kwa macho. Kisha, bila kuambiwa, akarudi kwenye kichwa cha habari na kuyaeleza yote tena kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi fupi zilizovunjika huku na huku, lakini zake mwenyewe. Wenzake kumi na kitu wakadakia kila alipokwama.

Mzee yule alivua miwani akaifuta. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono, akaniambia amekagua miaka mingi, hajapata kuona kipindi kama kile. Jioni ile nilikwenda kwenye mawe ya pwani peke yangu, nikalia kwa furaha. Nilimpigia mama nikamwambia aanze kunipa nafasi kwenye kabati, nguo zake azijaze upande mmoja.

Ripoti ilitoka baada ya sikukuu. Jirani alikuwa keshaondoka wiki moja kabla. Afisa mpole alinipa nakala, akawa anapanga kalamu zake mezani ili asinitazame. Nikasoma palepale. Nilisifiwa kwa maneno ambayo sijapata kusifiwa na mtu, na aya ya mwisho ikasema kwamba shule za shamba zina kiu ya walimu wa namna hii, na kwamba mkaguzi anapendekeza nisiondolewe Jambiani, maombi yangu yote ya uhamisho yawekwe kando kwa miaka mitatu.

"Lakini wewe ulinambia akiniandikia vizuri," nilisema.

"Nlikwambia. Sikujua atakuandikia vizuri kiasi hichi."

Nilimtukana. Kimoyomoyo, lakini nilimtukana, yeye na mkaguzi na mzee aliyevumbua volkano kama yupo. Nilikuwa na hasira hata na yule mtoto, Mungu anisamehe. Angenyamaza tu dakika tano.

Kikwajuni mama alikuwa amekaa kitandani akinisubiri, kavaa baibui lake jipya ndani ya nyumba. Akataka nimsomee. Nikamfasiria sifa zote, polepole, nikizirefusha. Nilipofika anapotajwa yeye, maana mkaguzi aliandika juu ya simulizi ya mama wa mwalimu, aliyeipokea kwa aliyeona, nilirudia mara mbili, naye akasema, "Mie huyo?" Nikasema ndiye. Kisha nikaikunja karatasi.

"Bado haijesha," akasema mama. Kiingereza hajui, lakini macho anayo. "Hapo chini pana maneno."

Nikamsomea yaliyo chini.

Akageuza uso, akatazama kabati. Kabati lilikuwa wazi, upande wangu mtupu, nguo zake zimejazwa upande mmoja kama nilivyomwagiza.

"Mwambie huyo mkaguzi wako," alisema, "aje anikague na mie."

Nikacheka, kisha nikalia, naye akaniacha nilie. Jumapili nilipika uji wa kutwa, nikautia kwenye chupa mbili za chai na kuziweka pembeni ya kitanda. Mke wa mwenye duka la chini aliahidi kupita asubuhi. Mama aliogopa kulala na mlango wa kusukumwa tu, na kufuli la ndani haliwezi, kwa hiyo akaniambia nifunge kwa nje. Nikafunga kwa nje, ufunguo nikauacha dukani, nikarudi Jambiani.