Kompyuta ya Marehemu

Jumanne nilikuwa kwa jirani yangu mjane, hapa Kasongo. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mume wake, na binti yao aliye Kinshasa alitaka kufuata dua kwa video. Fundi akavuta kebo ya intaneti mpaka sebuleni, akawasha kompyuta ya marehemu, akaguna.

"Mama, hii iko Linux. Siijue. Tufute yote, niweke Windows."

Mama akaweka kiganja juu ya mashini. "Mule ndimo sauti yake imebakia. Chomeka tu kebo, mwanangu, ungoje. Yeye alifanyaka vile."

Fundi akachomeka. Intaneti ikaingia yenyewe.

Mtamcheka fundi. Mimi sikumcheka, maana nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie mama akubali ifutwe.