Difu Iliyobebwa kwa Ingobyi

Juzi fundi mmoja hapa Musinzira, mjini Gitega, alilala chini ya lori alilotuachia baba, akatoka na grisi mpaka masikioni, akaniuliza: "Mama, hii ponti ya nyuma nani aliifunga? Haiko ya hii kamyo. Iko ya kamyo kubwa." Nikamwambia ni hadithi ndefu, aendelee na breki zake. Yeye aliendelea. Mimi ndiye niliyeshindwa kufanya kitu tena siku hiyo. Basi keti, nikusimulie wewe.

Mafundi wa huku husema ponti. Baba alikimbizwa na vita akiwa mtoto, akakulia Tanzania, na sisi wanawe tukazaliwa huko, kwa hiyo yeye alisema difu: lile bonge la chuma kwenye ekseli ya nyuma, linalogawia magurudumu nguvu ya injini. Tuliporudi kwao Itaba, katika vilima vya Warundi, nilikuwa na miaka tisa, na tulirudi na lori hilo. Lilikuwa lori la tambarare, lina mbio, difu yake nyepesi. Bibi, mama yake baba, ambaye hakuwahi kuondoka, alitupokea na ndizi zilizopikwa kwa maharage na mawese, akatushika nyuso mmoja mmoja kama anayechagua parachichi sokoni. Majirani walituita Watanzania. Walituita kwa upole, lakini walituita.

Kilima chetu kilikuwa na ingobyi, machela ya kusuka yenye miti mirefu ya kubebea. Ilitundikwa kwa Bibi, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu na njia. Mgonjwa akizidiwa, mtu alipiga ukelele, na wanaume wakaacha majembe mashambani wakaja, wakapokezana mabega mpaka hospitali, mwendo wa saa mbili. Asiyekuja bila sababu alileta pombe ya ndizi kuomba radhi. Bibi alikuwa akisema mtu hana kwao mpaka bega lake lijulikane. Maneno hayo yalimwingia baba. Akawatangazia watu kwamba bega lake yeye ni lori, na wagonjwa wote sasa atawapeleka yeye.

Wa kwanza alikuwa mama jirani, uchungu umemshika, mvua ya tangu alfajiri haijakatika. Katikati ya mteremko tulisikia kishindo nyuma, kisha injini ikanguruma bure na gurudumu halizunguki. Ukelele ukapigwa. Wanaume walikuja wamelowa, wakamshusha yule mama, wakampakia kwenye ingobyi, wakaondoka naye. Alijifungua salama, namshukuru Mungu hadi leo. Baba alibaki peke yake pale mteremkoni, akafungua difu, akachomoa meno ya gia yaliyokatika kwenye oili nyeusi. Siku mbili hakula.

Siku ya tatu alinichukua tukaenda mjini Muyinga, mbali na kwetu, meno yale yamefungwa kwenye kitambaa. Muuza vipuri alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka Bara Hindi. Alikuwa anaswali, tukamngoja. Aliporudi alitupa chai ya iliki na sambusa, akayatandaza meno ya difu kwenye gazeti, akayatazama muda mrefu.

"Nikikuuzia kama hii, utarudi tu," akamwambia baba. "Chukua ya lori kubwa. Mbio utapoteza, mwanangu, lakini hakuna mlima utakaokushinda."

Baba akajibu kwamba mbio za nini, sisi hatufukuzwi tena.

Gari lililotuletea ile difu lilikataa kupanda utelezi, likaishusha chini ya kilima. Lori letu lilikuwa bado limekwama juu, pale mteremkoni. Hapo ndipo baba alipofanya kosa ambalo mtu aliyezaliwa na kukua Itaba asingelifanya. Alikwenda kwa Bibi, akaitungua ingobyi, akailaza difu juu yake. Wanaume walitazamana. Ila walikuwa watu wa heshima, na walimwona jinsi alivyokonda. Wakatia mabega, wakapanda nayo wakiitikiana wimbo wao wa kubebea wagonjwa, na mimi nikawafuata nikipiga makofi. Jamani, nilifurahi! Kule juu Bibi aliona oili inavyochuruzika kwenye matete na nyuzi zilizokatwa na chuma, akasema kwa Kirundi, taratibu, kwamba kinachobeba mtu hakibebi chuma. Baba akamwahidi atasukisha nyingine.

Fundi kutoka Gitega alifanya kazi siku tatu. Alihamisha vikalio vya springi ili difu kubwa ienee, akakata na kufupisha propela, ule mti wa chuma unaoipelekea nguvu ya injini, akabadili mpaka magurudumu. Kisha lori likapanda mteremko ule limejaa watu, likivuta polepole kama ng'ombe mzito, na kilima kizima kikashangilia. Miaka iliyofuata lilibeba wajawazito, wazee, watoto wenye malaria. Hatukuitwa tena Watanzania. Ingobyi mpya ilikuwa ya kesho, kesho, na hakuna aliyeikumbusha. Pombe ya kuomba radhi nayo ikakoma, maana hapakuwa na wa kuadhibiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba Bibi alipoanguka jikoni, saa nne asubuhi. Baba alikuwa Muyinga na mzigo. Nilipiga ukelele, na watu walikuja, siwasingizii. Vijana wenye nguvu zao walijaa uani. Wakauliza lori liko wapi. Mmoja akampigia baba simu, baba akasema anakuja, na neno hilo likapita mdomo kwa mdomo: anakuja. Basi wote wakakaa.

Bibi alikuwa mkekani, mkono wake mkononi mwangu. Akaniuliza, "Wabebaji hawajafika?"

Nikamwambia wako njiani.

Difu ile haikumwangusha baba. Ilipanda kila mlima kutoka Muyinga hadi kwetu, kwa mwendo wake uleule wa polepole tulioambiwa dukani. Lori lilipofika, saa kumi jioni, Bibi alikuwa ameshafumba macho.

Kesho yake baba alikataa kumpeleka makaburini kwa lori. Wanaume wakabeba jeneza, na jeneza likayumba njia nzima. Hakuna aliyejua tena kulinganisha hatua, na wimbo wao uliishia ubeti wa kwanza. Baba alitembea nyuma yao akisema, "Mimi ndiye niliyeyapumzisha mabega yao."

Nilimlaumu miaka mingi, mpaka akafa. Siku hizi barabara imechongwa vizuri na hospitali iko palepale, ila ukipiga ukelele Itaba watu hutoa simu mfukoni. Nami sina mdomo wa kuwasema. Ile ingobyi mbovu ilikuwa bado imetundikwa ukutani, juu ya kichwa changu, asubuhi ile, vijana kumi walikuwa uani, na mimi nilikaa nimetega sikio nikisubiri injini.