Fundi wa Taa

Harufu ya rangi ya gari inayoungua chini ya keekee ya umeme siivumilii mpaka leo. Hapa Unguja ninapoishi, mtaa wa nyuma una gereji, na vijana wakianza kutoboa bati mimi hufunga madirisha, hata kama joto linatuua. Jirani zangu wanasema nina madeko. Wacha waseme. Harufu ile hunirudisha Moroni, uani kwa mama yangu, msimu ule mjomba wangu alipopanda juu ya boneti la pikapu ya baba akatoboa paa lake, na sisi sote tukashangilia utadhani anafungua mlango wa pepo.

Baba alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine kabisa, na kwetu Moroni mwanamume ndiye anayeingia nyumba ya mkewe. Nyumba ilikuwa ya mama. Ua wa mama, kisima cha mama, hata kuku wa mama. Cha baba kilikuwa pikapu moja nyeupe, ameifunika turubai nyuma na kuwekea mabao ya kukalia, akibeba abiria kati ya Moroni, Itsandra na Ntsoudjini. Ndugu za mama walimtania kila asubuhi, "Mgeni wetu ameamkaje leo?" Ana watoto na binti yao, bado ni mgeni! Baba alicheka nao, ila nilimjua baba yangu, alikuwa akicheka kwa meno tu. Kwa hiyo taa zile zilipofika kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa akipakua meli bandarini Mutsamudu, nilimwona kwa mara ya kwanza akitembea uani kama mwenye ua. Zilikuwa taa ndogo tano za rangi ya chungwa, za kupangwa mstari mmoja juu ya kioo cha mbele, kama zile za malori makubwa. Hakuna gari la abiria katika barabara yetu lililokuwa nazo.

Aliyezifunga ni Mjomba Mmadi, kaka yake mama, ambaye alijua umeme wa magari na alipenda kila mtu ajue kwamba anajua. Alipima paa kwa kamba, akatia alama kwa msumari, kisha akatoboa, na zile chembe za bati za moto zikaturukia miguuni tukapiga kelele. Kila tundu alilizungushia mpira na gundi nyeusi ili mvua isipite. Nyaya alizipitisha chini ya kitambaa cha dari, zikateremka kwa ndani ya nguzo ya kioo mpaka kwenye swichi karibu na usukani. Akaunga fyuzi, akamwambia baba abonyeze. Zikawaka zote tano. Mama alipiga vigelegele, wallahi, mama yangu ambaye hakuwahi kumpigia baba vigelegele tangu siku ya ndoa.

Kisha akaitwa Fundi aje asome dua. Hapa lazima nieleze, maana msiba wote umo katika neno hili. Kwetu Komoro fundi ni anayetengeneza kitu kwa mikono yake, kama mnavyosema Waswahili, lakini fundi vilevile ni mwalimu wa Kurani, na huyo ndiye hasa mwenye jina. Ukisema "Fundi" mtaani kwetu bila kuongeza neno, ulikuwa umemtaja mzee mmoja tu, Fundi Toihiri, mwenye chuo nyuma ya msikiti, aliyewafundisha mama na mjomba na sasa akitufundisha sisi. Gari jipya, mashua mpya, cherehani mpya, yeye ndiye aliyeisomea. Siku ile aliweka kiganja juu ya paa, pembeni mwa taa, akasoma, akapuliza, akala kipande cha keki ya mama, akaenda zake.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Nchi ilikuwa na rais wake, lakini hata sisi watoto tulijua kwamba wanaoishika ni wale Wazungu wenye bunduki walioingia kwa bahari mwaka sabini na nane. Malori yao nayo yalikuwa na taa za chungwa juu ya paa. Baba hakulifikiria hilo, wala mjomba. Jioni moja baba anarudi kutoka Ntsoudjini na abiria wake, amewasha taa zake kwa maringo, anakaribia kizuizi, na askari aliyekuwa zamu akaona zile taa kwa mbali, akainua mti mbio mbio, akasimama wima akapiga saluti. Baba akapita bila kupunguza mwendo. Wanawake waliokuwa nyuma na makapu yao ya samaki walicheka mpaka wakalia. Kufikia siku ya pili kisa kilikuwa kimefika kwenye bangwe, ule uwanja wetu ambapo wanaume hukaa kwa heshima zao, na aliyekisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mjomba Mmadi. "Taa zangu hizo!" alisema huku akijipiga kifua. "Wanajeshi wanazipigia saluti taa zangu!"

Basi kicheko kikawafikia mamluki wenyewe. Walimkuta baba kituoni, asubuhi, anangoja abiria. Mzungu mmoja na askari wetu wawili. Walizivunja taa kwa vitako vya bunduki, moja moja, bila haraka, kisha wakamuuliza nani amezifunga. Baba aliogopa kumtaja shemeji yake. Alidhani amepata jibu lisilomdhuru mtu. Alisema, "Fundi. Fundi wa mtaani kwetu."

Mimi nilikuwa chuoni, na ubao wangu mapajani, walipoingia. Walikuwa wamemuuliza mtu wa kwanza njiani Fundi yuko wapi, naye akawaonyesha, kwa nini asiwaonyeshe? Askari mmoja alivua kofia, kwa mazoea tu, maskini. Akauliza, "Wewe ndiye Fundi?"

"Naam, ndiye mimi."

"Taa za ile pikapu ya mtu wa Mutsamudu, mkono wako umo?"

Fundi Toihiri akatabasamu. Aliiona dua yake. "Umo, mwanangu. Nilizisomea."

Askari alimgeukia Mzungu akamtafsiria kwa neno moja la Kifaransa, na neno hilo lilikuwa "ndiyo". Wakamchukua na kandambili zake, Kurani ikabaki wazi juu ya marufaa yake.

Adhuhuri baba alirudi nyumbani na uso wa majivu. Alitaka kwenda kambini kuwaambia kwamba wamekosea mtu. Mama alisimama mlangoni. "Baba Moina, ukilitaja jina la kaka yangu kwa Wazungu, usirudi hapa. Ufunguo wa nyumba hii ninao mimi."

"Na Fundi je?"

"Fundi ni mtu wa Mungu. Hawatamgusa."

Mjomba alikuwa chumba cha ndani, anasikia yote. Kikohozi chake nakisikia mpaka kesho. Hakutoka. Kabla ya alasiri alikwishapitia mlango wa nyuma kwenda kujificha Ntsoudjini, na alituma salamu kwamba atajisalimisha baada ya Ijumaa. Ijumaa ngapi zimepita tangu hapo!

Baba alivaa kanzu na kofia, akaliwasha gari lile lenye taa zilizovunjika, akaondoka. Jioni alirudi akasema amefukuzwa getini. Mama akamwandalia chakula, hakuna aliyeuliza zaidi. Wiki hiyohiyo mchuuzi mmoja wa samaki alituambia, bila kujua anasema nini, kwamba siku ile alimwona baba Itsandra, ameegesha juu ya ufuo, ameketi ndani ya gari mpaka jioni, mikono kwenye usukani. Niliomba yule mchuuzi awe mwongo. Nilimchukia kwa kuwa hakuwa mwongo.

Fundi alirejeshwa baada ya mwezi wa mfungo. Walichomfanyia hakukisema. Mkono wake wa kulia haukufumba tena, wala kalamu ya mwanzi haikukaa ndani yake. Sisi watoto tulimkimbilia, "Fundi! Fundi!", naye akapita kama hajasikia. Nikamshika kanzu. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Usiniite hivyo, Moina. Jina hilo lina mwenyewe." Chuo hakikufunguliwa tena. Watu walimwita Mzee Toihiri mpaka akafa.

Baba aliondoa vipande vya taa, yakabaki matundu. Mvua ikanyesha ndani ya gari, naye hakuyaziba, akaendesha bega limelowa. Mwishowe alirudi Mutsamudu na pikapu yake, akatuacha na mama na ufunguo wake. Hasira nilizokuwa nazo juu yao wote wawili sijazimaliza, na wamekwisha kufa.

Mwaka jana nilikwenda Moroni kwenye arusi. Kila gari la mizigo sasa lina taa juu ya paa, za chungwa, za buluu, za kumetameta, na vijana wanazifunga kwa urembo tu. Mamluki wamekuwa hadithi ya kuwachekesha wageni. Mjomba Mmadi ameshafanya ndoa kuu, ile karamu inayompandisha mtu cheo, kwa hiyo anakaa mbele bangweni na joho lake. Amefundisha vijana wengi umeme wa magari. "Fundi!" wanamwita wakipita. "Naam!" anaitika kabla sauti haijaisha.

Nilimwamkia kama inavyopasa, "Kwezi, mjomba." Akacheka, akawageukia wenzake. "Huyu Mswahili wetu! Mji mzima unaniita Fundi, yeye bado mjomba tu."

"Aliitwa Fundi," nikamwambia, "siku ulipokuwa chumba cha ndani, na mwingine akaitika."

Kijana mmoja akapita na pikapu yake, akapiga honi, akapaza sauti, "Fundi!" Mjomba hakuitika.